Mgeni Asiyebisha Hodi

Katika mambo yanayopita majumbani mwetu kila siku bila ya kuulizwa, mna swali dogo kwa sura na kubwa kwa maana. Je, yawezekana mtu kumpenda kwa kweli yule asiyejuana naye? Na ikiwa yawezekana, mapenzi hayo yana haki gani, na mpaka wake ni upi?

Wazee wetu hawakuwa na haja ya kujiuliza hivyo. Aliyeingia nyumbani kwao walimjua jina lake na jina la baba yake, na kama hawakumjua, alisimama mlangoni akapiga hodi, akatoa salamu, akangoja kuitikiwa. Adabu hiyo tumefundishwa na dini yetu, na nyumba zetu za mwambao zikawa na baraza nje na ukumbi ndani, kila mgeni akomee mahali pake. Kisha ikaja redio, ikafuata televisheni, na leo ni simu iliyomo mkononi mwa kila kijana. Mtu mmoja hukaa mahali akazungumza, na uso wake na sauti yake vikaingia katika maelfu ya nyumba kwa wakati mmoja. Huyo habishi hodi wala hapiti barazani. Huingia moja kwa moja mpaka jikoni, mpaka kwenye kitanda cha mgonjwa. Na akirudia kuingia hivyo kila siku kwa miaka ishirini, watu wa nyumba humhisabu kuwa ni mmoja wao.

Siku akifa, au akiacha kazi, mama wa nyumba hulia. Na kijana aliye karibu hucheka akasema: "Mama, unamlilia nani? Mtu huyo hata jina lako hakulijua." Makala haya yanakusudia kumjibu kijana huyo kwa insafu, kwani maneno yake yana ukweli ndani yake, na yana upungufu pia.

Nimechagua mfano wa mbali, asije mtu akadhani kwamba namsifu jamaa yangu au namtupia jiwe jirani. Mfano wenyewe ni wa bibi mmoja wa Marekani, mtangazaji wa televisheni ya mchana katika mji wa Cincinnati, jina lake Ruth Lyons. Dini yake siyo yetu, na mengi katika desturi za kipindi chake siyo ya kwetu. Lakini jema huokotwa popote linapopatikana, na lisilo jema huachwa pale pale lilipo. Nami namtazama kwa jambo moja tu: namna watu walivyompenda, na namna alivyoyatumia mapenzi yao.

HABARI YA BIBI HUYU

Cincinnati ni mji wa jimbo la Ohio, umejengwa ukingoni mwa mto wenye jina hilo hilo. Huko ndiko alikozaliwa Ruth Lyons mwaka 1905, na katika miaka ya 1920 akaingia kazini katika kituo cha redio cha mji huo kiitwacho WKRC. Mwaka 1929 mtangazaji wa kipindi cha akina mama aliugua, naye akatakiwa ashike nafasi yake. Kulikuwa na maneno yaliyokwisha kuandikwa ayasome. Aliyaweka kando, akazungumza kama azungumzavyo mwanamke na shoga yake, neno likizaa neno. Watu wakapenda, na tangu siku hiyo hiyo ikawa ndiyo njia yake mpaka mwisho.

Mwaka 1942 alihamia kampuni nyingine ya utangazaji mjini humo, yenye kituo mashuhuri cha WLW. Mwaka 1946 akaanzisha kipindi cha saa za mchana ambacho wanawake hamsini walialikwa wale chakula cha mchana huku mazungumzo yakitangazwa, kwa hiyo kikaitwa "The 50 Club". Wahudhuriaji walipoongezwa wakawa mia, jina likawa "The 50-50 Club". Mwaka 1949 kipindi kikaingia katika televisheni, na kikawa kikionekana siku za kazi saa sita za mchana, si Cincinnati tu bali na katika miji ya Dayton na Columbus, na baadaye Indianapolis. Aliyetaka tikiti ya kuingia studio aliweza kungoja miaka mitatu.

Watu wa miji hiyo waliokuwa watoto wakati ule ni wazee leo, na wakimtaja huyataja mambo madogo madogo. Huyataja maua aliyokuwa akiyashika, ambayo ndani yake ilifichwa maikrofoni. Huwataja akina mama waliohudhuria wamevaa kofia na glavu nyeupe, wakipunga mikono yote kwa pamoja mbele ya kamera. Hukumbuka harufu ya chakula cha mchana nyumbani kwao, na mama zao wamepiga pasi huku wakimsikiliza bibi yule akisifu, akilaumu, akicheka, akieleza mambo ya nyumbani kwake. Hakuwa msomi wa kutajika, wala hakuwa na neno la ajabu alilolitamka likabaki katika vitabu. Kumbukumbu walizo nazo ni za mtu aliyekuwapo. Na kuwapo, ndugu msomaji, ni jambo kubwa kuliko tunavyolihisabu. Ni wangapi tunaowakumbuka kwa wema, na tukiulizwa walisema nini hatuna jibu ila kwamba walikuwapo?

JE, HAYO NI MAPENZI?

Kijana wetu husema: Mapenzi ni baina ya wawili wanaojuana. Huyu hakumjua yule, basi hapana mapenzi, pana mazoea tu, kama mazoea ya kahawa.

Tumjibu kwa mambo mawili.

La kwanza, kupenda si sharti kuonana. Mwanafunzi wa chuoni husoma kitabu cha mwanachuoni aliyekufa miaka mia saba iliyopita, akanufaika nacho, akamwombea rehema kila afunguapo ukurasa. Lau angalitajwa kwa ubaya mbele yake, angaliona uchungu. Nani atamwambia mwanafunzi huyo kwamba hampendi mwalimu wake kwa kuwa hawakuonana? Mwenye kunufaika na mtu huvutika kwake, na moyo hauna haja ya kupewa ruhusa katika hilo.

La pili, mapenzi hujulikana kwa athari zake. Mtu akidai kuwa ana mapenzi, tazama yanamfanya atende nini. Yakimfanya akae tu akitazama, basi maneno ya kijana ni ya kweli, hayo ni mazoea. Yakimtoa katika kiti chake akatenda jema ambalo lau si hayo asingalilitenda, basi yana uhai. Na hapa habari ya Cincinnati inatupa ushahidi, nao tutauona mbele.

Lakini liko neno la tatu, nalo ni la kumpa kijana haki yake. Ni kweli kwamba mapenzi haya hayako sawa pande zote mbili. Mtazamaji alimjua Bibi Lyons kwa sura, kwa sauti, kwa nguo, kwa habari za mumewe na binti yake. Yeye aliwajua kwa jumla, kama mkulima alijuavyo shamba lake bila ya kuujua kila mche. Je, basi, alipozungumza nao kana kwamba kila mmoja ni shoga yake, alikuwa akiwadanganya?

Naona siyo. Khatibu akipanda juu ya mimbari siku ya Ijumaa, husema "ndugu zangu", naye hawajui nusu ya waliokaa mbele yake. Hatumwiti mwongo kwa hilo. Kusema na wengi kwa upole kama usemavyo na mmoja si uongo. Uongo ni kusema usichokiamini, au kuuonyesha upendo kwa ulimi ili upate kitu mfukoni. Hapo ndipo penye mizani, na hapo ndipo tumpime mtangazaji yeyote, wa kale na wa leo.

ALIKUWA AKILIPWA

Huenda msomaji akasema: Bibi huyu alikuwa katika kazi ya biashara. Kipindi chake kilijaa matangazo ya bidhaa, kahawa na sabuni na mikate, naye alilipwa kwa ajili hiyo. Basi upole wake wote ulikuwa ni chambo, na akina mama wale ni samaki.

Hoja hii ni nzito, na haifai kuikwepa. Ni kweli kwamba alikuwa muuzaji, tena muuzaji hodari mno. Wenye bidhaa walikuwa wakipanga foleni wapate nafasi katika kipindi chake, kwani alichokisifu kilimalizika madukani. Lakini tazama namna alivyouza. Alijulikana kwa kuikataa bidhaa asiyoiridhia, hata kama mwenyewe ana fedha za kulipa. Wala hakuisoma sifa aliyoandikiwa na mwenye mali. Aliieleza bidhaa kwa maneno yake mwenyewe, kama mtu aelezavyo kitu kilichomo kabatini mwake.

Sisi watu wa mwambao tumeishi kwa biashara tangu enzi za majahazi, basi hatuna sababu ya kuidharau. Biashara haiharibu mapenzi, wala kulipwa hakuharibu ukweli. Mwalimu hulipwa, daktari hulipwa, na fundi aliyeijenga nyumba yako kwa uaminifu alilipwa. Kinachoharibu ni ghushi. Muuzaji mwaminifu hukuonyesha tobo la kitambaa kabla hujalipa. Muuzaji mdanganyifu hukikunja kitambaa upande wa tobo ndani, akatabasamu.

Basi tofautisha. Yuko anayependwa kwa sababu ni mkweli, na mapenzi hayo yakamletea riziki. Na yuko anayetafuta apendwe ili apate pa kumwagia bidhaa zake, nzima na mbovu. Wote wawili huonekana sawa kwenye kioo. Wote hutabasamu, wote huita watu "wapenzi wangu". Tofauti hujulikana siku ambayo ukweli unagharimu fedha. Anayeikataa fedha ili asimdanganye aliyemwamini, huyo amejua kwamba kuaminiwa ni amana, na amana hairudishwi pungufu.

ALIVYOYATUMIA MAPENZI YA WATU

Kupendwa na watu wengi ni mali. Tena ni mali inayoshinda dhahabu, kwa kuwa dhahabu haiwezi kuwanyanyua watu elfu kumi wakatoka majumbani kwao kwa hiari. Kila mali huulizwa: Uliipata wapi, na uliitumia katika nini? Tumeona alivyoipata. Sasa tuone alivyoitumia, nami nitataja mambo matatu.

Jambo la kwanza ni la mwaka 1937. Mwezi wa Januari mwaka huo mto Ohio ulifurika mafuriko ambayo mji wa Cincinnati haujaona mfano wake, maji yakapanda karibu futi 80. Maelfu ya watu walitoka majumbani mwao. Yeye wakati huo alikuwa katika redio, akakaa mbele ya maikrofoni akiwaomba watu msaada kwa ajili ya waliofikwa na maafa, na watu wakatoa. Wale wale waliokuwa wakimsikiliza kwa ajili ya mapishi na mazungumzo, walipoambiwa kwamba jirani yao amelala nje, waliamini, kwa sababu mwenye kuwaambia hakuwahi kuwadanganya katika jambo dogo. Hapa pana funzo: Aliye mkweli katika habari ya sabuni huaminiwa katika habari ya mafuriko.

Jambo la pili ni la mwaka 1939. Baada ya kuwaona watoto waliolazwa hospitalini wakati sikukuu yao ya Krismasi inakaribia, hawana cha kuwafurahisha, alianzisha mfuko wa kuwanunulia vitu vya kuchezea na kuwapunguzia upweke. Kila mwaka akawaomba wasikilizaji wake, na kila mwaka wakatoa, wengine dola moja moja. Sisi hatuna hisa katika sikukuu ile, lakini mtoto mgonjwa ni mtoto mgonjwa, na mwenye kumfuta machozi ametenda wema. Mfuko huo uko mpaka leo na bado una jina lake, zaidi ya miaka themanini tangu kuanza, na umekusanya mamilioni ya dola kwa ajili ya hospitali za watoto za eneo lile. Huu ndio ushahidi nilioahidi. Mapenzi ya watu kwa uso wa kwenye kioo yaligeuka yakawa kitu mkononi mwa mtoto asiyejua hata nani alikitoa. Kijana wetu aseme sasa kama haya ni mazoea ya kahawa.

Jambo la tatu ni la mwaka 1952. Ng'ambo ya mto ule ni jimbo la Kentucky, na katika enzi za utumwa mto ndio uliokuwa mpaka: huku watu huru, kule watumwa. Utumwa ulikwisha, lakini dharau ya rangi ilibaki kando zote mbili. Katika kipindi chake mwaka huo Bibi Lyons alicheza dansi mbele ya kamera na mwimbaji mweusi aitwaye Arthur Lee Wilkins, na watu waliochukia wakalalamika. Kucheza kwenyewe si jambo ninalolitetea hapa, na msomaji anajua hukumu yake kwetu. Ninalolitazama ni kwamba aliwaonyesha wanaompenda kitu wasichopenda kukiona, naye alijua kuwa kupendwa kwake ndiko kulikokuwa riziki yake. Baada ya malalamiko aliendelea kuwakaribisha waimbaji weusi katika kipindi chake. Ni wachache wenye kupendwa wanaothubutu hivyo. Wengi wao hugeuka watumwa wa wanaowapenda: hawasemi ila yanayoshangiliwa, na kila siku huwapa watu kile kile walichokuwa wakikitaka jana. Mtu wa namna hiyo hana hadhira. Hadhira ndiyo iliyo naye, imemfunga kamba inamvuta.

HAKI YA ANAYEPENDWA

Mpaka hapa tumesema juu ya deni la mtangazaji. Sasa tuje kwetu sisi watazamaji, kwani nasi tuna deni, na katika mambo haya ni wachache wanaolitaja.

Bibi Lyons alikuwa na binti mmoja, akiitwa Candy. Watazamaji walimjua tangu utotoni, kwa kuwa mama yake alikuwa akimtaja katika mazungumzo yake, na pengine akaonekana katika kipindi. Kwa maelfu ya akina mama alikuwa kama mtoto wa jirani, wamemwona akikua. Binti huyo alipatwa na saratani angali kijana, na mwezi wa Juni mwaka 1966 akafa, akiwa safarini baharini pamoja na wazazi wake, umri wake ukiwa ni miaka ishirini na kitu.

Mama alirudi kazini. Akakaa katika kiti chake, mbele ya kamera zile zile, na watu wale wale wenye glavu nyeupe. Lakini hakuweza. Mwezi wa Januari mwaka 1967 ikatangazwa kwamba anaacha kazi. Mwenzake aliyekuwa akifanya naye, Bob Braun, alikichukua kipindi akakiendesha mpaka mwaka 1984. Yeye alijiweka nyumbani. Mwaka 1969 alitoa kitabu cha kumbukumbu zake, na mwezi wa Novemba mwaka 1988 akafa.

Fikiri, ndugu msomaji, hali ya mtu huyu. Kwa miaka karibu arobaini kazi yake ilikuwa ni kuingia katika nyumba za watu na kuwachangamsha. Siku moja moyo wake mwenyewe umevunjika, na nyumba zote zile zinamngoja saa sita za mchana. Wanampenda, hapana shaka. Lakini je, mapenzi yao yanawapa haki ya kumtaka arudi? Yanawapa haki ya kuyaona machozi yake?

Hapa ndipo unapojulikana mpaka tulioutafuta tangu mwanzo wa makala haya. Mapenzi baina ya ndugu na ndugu hukupa haki ya kuingia ndani ya msiba wake, ukakaa naye tanga, ukamshika mkono, ukamletea chakula. Mapenzi kwa mtu wa kwenye kioo hayakupi haki hiyo. Yanakupa mambo matatu tu: kumwombea kheri, kulifuata jema alilolionyesha, na kumwachia njia akitaka kuondoka. Aliyeingia bila ya kubisha hodi ana ruhusa ya kutoka bila ya kuaga. Na mtazamaji anayekasirika kwa kuwa mtu aliyempenda amenyamaza, au amezeeka, au ameshindwa na huzuni, huyo alikuwa akijipenda mwenyewe. Alikitaka kiburudisho chake, akakiita mapenzi.

Wala tusidhani kwamba hili ni la Marekani peke yake. Kwetu pia watu hudhani kuwa mwenye sauti tamu ni mali yao. Mwimbaji wa taarabu akiacha kuimba huulizwa ana kiburi gani. Mtangazaji akifiwa, watu hutaka kuiona picha ya jeneza. Tumejifunza kumfungulia mlango mgeni wa kioo, lakini hatujajifunza kuufunga tunapopita mbele ya nyumba yake.

HAKI YA JIRANI

Limebaki neno moja, nalo ndilo linalonitia hofu zaidi.

Tumekubali kwamba sauti inayoingia nyumbani huweza kuwa kheri. Kwa mwanamke aliyebaki peke yake saa za mchana, mume yuko kazini na watoto wako shule, kusikia mtu akizungumza kwa upole ni tulizo. Kwa kizee asiyeweza kushuka ngazi, ni dirisha. Asilidharau jambo hili yule ambaye hajawahi kukaa siku nzima bila ya kusikia sauti ya mtu.

Lakini mgeni wa kioo, hata awe mwema namna gani, hakuulizi "umeamkaje?" akangoja jibu. Hakuletei uji. Ukianguka ukumbini, ataendelea kucheka na wageni wake. Haya si makosa yake. Uwezo wake umekomea hapo, na tulio karibu ndio tuliopewa kazi iliyobaki. Basi ukimwona mtu amempenda mno mtangazaji, mpaka amejua ndoa zake na maradhi yake na nguo zake, usimcheke. Jiulize kwanza: Je, mara ya mwisho alizungumza na nani aliyemwangalia usoni? Huenda kile kioo kimekuwa jirani yake kwa sababu majirani wa kweli walikuwa na haraka.

Na katika zama hizi jambo limezidi. Wakati wa Bibi Lyons kipindi kilianza saa sita, kikaisha, televisheni ikazimwa, na mama akatoka uani akazungumza na wenzake juu ya aliyoyasikia. Mtangazaji mmoja aliwakusanya wengi katika mazungumzo mamoja. Leo kila mtu wa nyumba ana mgeni wake ndani ya simu yake, na mgeni huyo haondoki hata usiku wa manane. Watu wanne hukaa katika ukumbi mmoja wakiwa na wageni wanne wasiojuana, na ukumbi uko kimya. Wengi katika wageni hao huuza, na wachache wao huikataa fedha kwa ajili ya ukweli.

Kwa hiyo nawausia wazazi, na nafsi yangu kabla yao, tumpime kila anayeingia kwa maswali haya. Je, huyu husema anachokiamini, au husema anacholipwa asema? Je, amewahi kuwaambia wanaompenda neno wasilolitaka? Na mimi, baada ya kumsikiliza, huwa nimesogea karibu zaidi na watu wangu au nimekwenda mbali nao? Mwenye kupata majibu mema katika matatu haya, na amkaribishe. Asiyepata, basi kile kioo kina kitufe cha kuzimia, na kuzima hakuhitaji fatwa.

Ama kijana wetu, jibu lake ni hili. Mama yako hakukosea kumpenda aliyemfaa, wala hakukosea kumlilia. Kulikumbuka jema la mtu ni katika shukrani, na asiyewashukuru watu ni mgumu kumshukuru Mola wake. Lakini machozi peke yake hukauka mara moja. Mwambie atende jambo kwa ajili ya yule anayemlilia: alipe deni la mjane, amtembelee mgonjwa, ampe yatima nguo. Watu wa Cincinnati walimpenda mtu mmoja ambaye wengi wao hawakupata kumgusa hata mkono, na mpaka leo watoto wagonjwa wanafaidika. Mapenzi yenye kuacha kitu kama hicho nyuma yake hayana haja ya kutetewa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atupe ndimi zenye kusema kweli, na masikio yenye kuichagua kweli, na azijaalie nyumba zetu kuwa na majirani wanaobisha hodi. Amin.